Kutengeneza bodi yako mwenyewe ya DSP, kuanzia karatasi tupu mpaka sauti itoke

Wakuu, kuna watu wanachora programu ya DSP (chipu inayochakata sauti kwa dijitali) vizuri kabisa kwenye kompyuta, filta zimekaa, krosova (kigawa sauti kati ya wufa na twita) imenyooka, ila ikifika kwenye bodi yenyewe wanachukua moduli ya dukani na kuifunga nyaya kumi na nane zinazoning'inia kama tambi. Inafanya kazi, sikatai. Ila ukitaka kitu kiingie ndani ya boksi la spika, kisiwe na mvumo, na kisikatike ukigusa waya, lazima uchore bodi yako. Na sio ngumu kivile, sema wengi wanakosea pa kuanzia, wanakimbilia kuchora njia za shaba siku ya kwanza wakati hiyo ndo kazi ya mwisho kabisa.

Mfano nitakaoenda nao ni bodi ndogo ya ADAU1701 ya Analog Devices, sauti mbili zinaingia, nne zinatoka, yaani stereo yenye wufa na twita kila upande. Nimeichagua kwa sababu ADC mbili (zinazogeuza sauti kuwa namba) na DAC nne (zinazogeuza namba kuwa sauti) zimo humohumo ndani ya chipu, miguu yake 48 inaonekana kwa macho na unaweza kuilehemu kwa mkono, na programu yake ya SigmaStudio ni ya bure. Ukianza na yale madude ya TMS320 yenye vidonge vya risasi chini ya tumbo na volti tatu tofauti zinazotaka kuwaka kwa zamu, utakata tamaa kabla hujaona taa ikiwaka. Ukiiweza hii, zile kubwa zinafuata kanuni hizihizi.

Hatua ya 1: andika programu kabla hujachora chochote

Najua inaonekana kinyume. Lakini fungua SigmaStudio, chora unachotaka kufanya chote, kompaili, uone kama kinaingia. Hii chipu kwa sampuli 48,000 kwa sekunde inakupa maelekezo 1024 kwa kila sampuli moja, basi, hakuna nyongeza. Memori ya data ni maneno 2048, kwahiyo ukiwa na ndoto ya kuchelewesha sauti piga hesabu, 2048 gawanya kwa 48,000 ni kama milisekunde 42, na hapo hujaacha nafasi ya kitu kingine. Krosova ya njia nne na ekwalaiza inaingia bila shida. Mwangwi mrefu wa kanisani hauingii. Bora ujue leo kuliko bodi ikishafika mkononi.

Hapohapo amua na vitu vya nje, je utaweka potenshomita ya sauti? Swichi za kubadili mipangilio? Kila kimoja kinataka pini yake ya MP (pini za matumizi mengi), na kati ya hizo ni nne tu zinazoweza kusoma potenshomita moja kwa moja.

Hatua ya 2: datashiti, na peni mkononi

Isome yote. Ukiwa na haraka basi soma jedwali la pini, mchoro wa mfano wa saketi na sehemu ya kuwasha na kuriseti. Mimi huwa naandika pini zote 48 kwenye daftari, mbele ya kila moja naandika inaenda wapi, hata zile zisizotumika, maana kuna pini ukiiacha hewani chipu inaleta utata na kuna nyingine zinatakiwa ziende graundi moja kwa moja. Daftari hilo ndo skimatiki (mchoro wa saketi) yako, kompyuta unainakilishia tu.

Hatua ya 3: umeme

Chipu inataka 3.3V kwa sehemu ya analogi, ya PLL (inayozalisha kloku ya ndani) na ya pini za nje, na 1.8V kwa ubongo wake wa ndani. Hiyo 1.8V inaitengeneza yenyewe kwa msaada wa transista moja ya PNP ya nje: emita kwenye 3.3V, kolekta inatoa 1.8V, besi inaenda kwenye pini ya VDRIVE, na rezista ya 1k kati ya emita na besi. Chagua transista yenye gain ya 100 kwenda juu na inayoweza kuvumilia joto. Kumbuka hii transista, tutarudi kwake.

Sasa 3.3V inatoka wapi? Watu wanachukua regyuleta ya 1117, wanaipa 12V, halafu wanashangaa inaunguza kidole. Hesabu ni rahisi tu, toa 3.3 kwenye 12 inabaki 8.7, zidisha na 150mA ni wati 1.3 za joto tupu kwenye kitu kidogo kuliko ukucha. Ukiipa 5V inabaki robo wati hivi, na hapo imetulia. Kwahiyo kama chanzo chako ni 12V, weka konveta ya swichi ishushe mpaka 5V, halafu regyuleta ya kawaida ishushe mpaka 3.3V na kusafisha uchafu wa konveta. Baada ya hapo gawanya 3.3V mara mbili, tawi la dijitali liende moja kwa moja, tawi la analogi lipite kwenye ushanga wa feraiti na kapasita ya 10µF upande wa pili.

Kila pini ya umeme ya chipu inapata kapasita yake ya 100nF. Kila pini, sio kila upande wa chipu. Tumia seramiki za aina ya X7R, zile Y5V za bei chee achana nazo, zikipata volti na joto ule uwezo ulioandikwa unabaki jina. Pini za FILTA, FILTD na CM nazo zinataka kapasita zake kama mchoro wa datashiti unavyoonyesha, usizisahau, hapo ndo sauti inapopata volti ya rejea.

Hatua ya 4: kloku

Kristali ya 12.288MHz, ambayo ni 48,000 mara 256. Pini za PLL_MODE zifunge kwa uwiano wa 256 kama jedwali la datashiti linavyoelekeza, na ile filta ya PLL (475Ω, 56nF, 3.3nF) iweke kama ilivyo, usijifanye mbunifu hapo. Weka na rezista ya 100Ω kwenye mguu wa OSCO.

Kapasita mbili za kristali watu wanakopi 22pF bila kujua kwa nini. Angalia kristali yako inataka mzigo kiasi gani, toa kama 5pF za bodi yenyewe, zidisha mbili. Ikitaka 16pF, basi 16 toa 5 ni 11, mara mbili ni 22pF. Ikitaka 18pF unapata 26, weka 27pF. Ndo hivyo.

Hatua ya 5: sauti kuingia na kutoka

Hapa kuna kitu kinawachanganya wengi. ADC za hii chipu hazipimi volti, zinapima mkondo, na kikomo chake ni 100µA. Ndani kuna 2k tayari, kwahiyo rezista unayoweka nje ndo inaamua sauti kubwa kiasi gani itaingia bila kupasuka. Gawanya volti ya chanzo chako kwa 100µA halafu toa 2k: chanzo cha 2V kinataka 18k, chanzo cha 1V kinataka 8k. Kuna na rezista ya 18k ya pini ya ADC_RES, hiyo ni tofauti na hizi, usizichanganye.

Mbele ya rezista inakaa kapasita ya kuzuia DC. Kwa 10µF na jumla ya 20k besi inaanza kushuka kwenye 0.8Hz, yaani hutapoteza kitu. Upande wa chipu kuna 1.5V muda wote, kwahiyo chanya ya kapasita iangalie chipu. Tumia elektrolitiki ya kawaida tu hapa, kapasita za seramiki za X7R kwenye njia ya sauti zinaongeza upotoshaji na nyingine ukizigonga na kidole unasikia kwenye spika, kweli kabisa, zinageuka maikrofoni.

Kutoka, DAC inatoa 0.9V, inapita 604Ω na 3.3nF kwenda graundi (inakata kwenye 80kHz hivi), halafu kapasita ya 47µF. Amplifaya yako ikitaka zaidi ya 0.9V ongeza opampu, la sivyo acha.

Hatua ya 6: mawasiliano, memori na riseti

Memori ya 24LC256 kwenye I2C (mawasiliano ya nyaya mbili), rezista za kuvuta juu za 2.2k kwenye SDA na SCL, heda ya pini 10 kwa ajili ya programa (kifaa cha kupeleka programu kutoka kompyuta). Pini ya SELFBOOT (inayoiambia chipu ijisomee programu kutoka kwenye memori) iwekee jampa, chini wakati unajaribu, juu ukishamaliza. Pini ya WP (kinga ya kuandika) ya memori nayo iwekee jampa, maana ikiwa juu memori haiandikiki na utakaa nusu siku unailaumu programa. Riseti itumie chipu maalumu ya kusimamia volti badala ya kapasita na rezista, kwa sababu umeme ukipanda polepole DSP inaweza kuanza kusoma memori kabla haijazinduka.

Na weka pointi za kupimia. 3.3V, 1.8V, SDA, SCL, graundi mbili tatu. Hazikugharimu chochote, ni vidoti vya shaba tu.

Hatua ya 7: futiprinti (mchoro wa pedi za kifaa), na kisa cha transista

Bodi yangu ya pili ilifika safi, nikalehemu jioni moja, nikawasha, 3.3V ipo, 1.8V hakuna. Mita inasoma karibu na sifuri. Nikabadilisha chipu nzima, hola. Kesho yake ndo nikachukua datashiti ya transista nikaiweka pembeni ya skimatiki. Alama niliyotumia kwenye KiCad (programu ya kuchorea bodi) ilikuwa ya transista ya miguu mirefu, ambayo inahesabu emita 1, besi 2, kolekta 3, wakati yangu ya SOT-23 ni besi 1, emita 2, kolekta 3. Kwahiyo besi na emita zilikuwa zimebadilishana viti, na transista ilikuwa imelala usingizi.

Dawa yake ilinifurahisha. SOT-23 ukiipindua chali, miguu ikaangalia juu, mguu wa 1 na wa 2 vinabadilishana na wa 3 unabaki palepale. Nikaipindua, nikakunja miguu kidogo kwa kibanio, nikajaza risasi, 1.8V ikatokea. Ile chipu niliyoing'oa ilikuwa nzima muda wote.

Toka siku hiyo kila kitu chenye miguu mitatu nakikagua mara mbili, namba ya mguu kwenye alama, namba ya pedi kwenye futiprinti, na mchoro wa mtengenezaji, vyote vitatu pamoja. Soketi za kuchomeka pia, hasa unapoziangalia kwa chini.

Hatua ya 8: mpangilio na graundi

Hapa ndo penye utamu, na hapa ndo bodi nyingi zinakufa.

Mkondo wowote unaotoka lazima urudi. Kwenye masafa ya chini unarudi popote penye ukinzani mdogo, lakini kwenye kloku ya 12MHz unarudi chinichini ya njia yenyewe, kwenye shaba ya graundi iliyo karibu, kama kivuli. Ukikata hiyo shaba, kivuli kinalazimika kuzunguka, na mzunguko huo ni antena.

Bodi yangu ya kwanza nilisoma mahali kwamba graundi ya analogi na ya dijitali zitenganishwe, nikachimba mfereji katikati ya bodi nzima na kuacha daraja jembamba pembeni. Halafu njia za I2C nikazipitisha juu ya mfereji. Matokeo yake spika ilikuwa kimya mpaka programa inapoongea na chipu, hapo unasikia trrrr trrrr kwenye twita, kila ukisogeza kitufe kwenye kompyuta twita inajibu. Nilichukua kipande cha shaba nikaziba mfereji kwa kulehemu na ile sauti karibu yote ikaisha.

Kwahiyo usikate graundi. Weka moja, nzima, pana. Kutenganisha kunafanywa kwa kupanga vitu: upande mmoja sauti zinaingia na kutoka, upande wa pili konveta ya swichi, heda na memori, DSP katikati ikiwa imegeuzwa ili miguu yake ya analogi iangalie upande wa analogi. Vitu vikikaa hivyo mikondo ya dijitali haina sababu ya kupita kwenye sauti.

Leya nne ukiweza: juu vifaa na njia, ya pili graundi tupu, ya tatu umeme, ya nne njia zilizobaki. Ukiwa na mbili inawezekana pia kwa chipu hii, ila chini yote iwe graundi na kila njia unayolazimika kuishusha iwe fupi, iruke kama panzi na kupanda tena.

Mpangilio naufanya kwa zamu hii: DSP kwanza, halafu kapasita za 100nF zikigusana kabisa na miguu yake, halafu kristali ndani ya sentimita moja hivi bila njia yoyote nyingine kupita chini yake, halafu filta ya PLL, halafu transista ya 1.8V, ndo mengine yafuate. Umeme uje kutoka kwenye via (tundu linalounganisha leya), ufike kwenye kapasita, ndo uingie kwenye mguu. Watu wanaweka via kwenye mguu na kapasita pembeni, hapo kapasita imekuwa pambo.

Kaa na mpangilio hata siku mbili. Zungusha vitu, angalia zile nyuzi nyembamba za skrini zinavyopishana. Zikipishana sana mpangilio ni mbaya, na hakuna ufundi wa kuchora njia utakaouokoa.

Hatua ya 9: njia zenyewe

Mpangilio ukiwa mzuri hii ni kazi ya jioni moja. Njia za kawaida 0.2mm, umeme 0.5mm kwenda juu, via za tundu la 0.3mm. Kama utatoa kloku za I2S (njia ya sauti ya dijitali) kwenda chipu nyingine weka rezista ya 33Ω karibu na anayetuma, BCLK (kloku ya biti) ya 3.072MHz inaonekana ndogo lakini kingo zake ni kali. Usitumie otorauta, ile inayochora njia yenyewe.

Hatua ya 10: ukaguzi kabla ya kutuma

Endesha ERC na DRC (ukaguzi wa programu kwenye skimatiki na kwenye bodi) mpaka zinyamaze, lakini jua hazikamati kosa kama la transista yangu, kwa sababu kompyuta inaamini ulichoiambia. Printi bodi kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, weka vifaa juu yake kimoja kimoja. Halafu fungua zile faili za Gerber (zinazotumwa kiwandani) kwenye programu nyingine ya kuziangalia, leya moja moja, angalia matundu yamekaa katikati ya pedi na leya ya graundi haijageuka chekecheke kwa sababu ya via zilizobanana.

Hatua ya 11: kulehemu na kuwasha

Lehemu sehemu ya umeme tu kwanza. Pima ukinzani kati ya 3.3V na graundi, ikisoma karibu na sifuri usiwashe. Washa kwa saplai ya mezani ukiwa umeibana kwenye 100mA. 3.3V ikiwa sawa, zima, ndo ulehemu DSP: paka fluksi nyingi, shika pembe mbili za mshazari kwanza, hakikisha kile kidoti cha mguu wa 1 kiko panapotakiwa, halafu buruta risasi kwenye kila upande. Miguu ikishikana usiogope, fluksi tena na utepe wa shaba unafyonza. Pitia na lensi.

Washa tena, kikomo sasa 250mA. Pima kwa mpangilio huu: 3.3V, 1.8V, kisha pini ya CM lazima isome 1.5V. Ukipata 1.5V hapo analogi iko hai. Kristali ipime kwa oskiloskopu kwenye OSCO na probu ikiwa kwenye 10x, ukiacha 1x ule mzigo wa probu unaweza kuizima kabisa halafu ukaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Chomeka programa, SELFBOOT ikiwa chini. Ukiskani I2C kwa bodi nyingine yoyote DSP inajibu kwenye 0x34 na memori kwenye 0x50 (SigmaStudio inaziandika 0x68 na 0xA0, ni anwani zilezile tu zimehesabiwa na biti ya kusoma na kuandika). Memori ikijibu na DSP isijibu, rudi kwenye 1.8V, kloku na riseti, kwa zamu hiyo.

Programu ya kwanza usipeleke krosova yako yenye mbwembwe zote. Chora ingizo mbili, punguza sauti kwa 20dB, toa, basi. Na twita iwekee kapasita ya mfululizo wakati wa majaribio, maana amri moja mbaya inaweza kuipelekea mngurumo wa wufa na ikakuaga hapohapo. Ukisikia muziki safi ndo ulete filta moja moja. Pandisha sauti bila muziki ukiwa umetega sikio kwenye twita: shshsh ndogo ni kawaida, ziii yenye noti maalumu ni konveta au kloku inavuja, na mmm nzito mara nyingi ni waya wa graundi kati ya bodi na amplifaya.

Ukiridhika andika programu kwenye memori, zima kila kitu, chomoa programa, hamisha jampa ya SELFBOOT juu, subiri sekunde kumi saplai ziishe kabisa, washa. Kimya kidogo, halafu muziki. Ukibaki kimya angalia kwanza jampa ya WP, labda memori iko tupu.